Namba Hii Ina Mwenyewe

Mzee wa Simu hakuwa mtu wa kufungua mashine ya mtu kwa siri. Ukimpelekea redio, pasi, au baadaye zile kompyuta, alikukalisha kwenye kigoda mbele ya meza yake ukaona kila skrubu inavyotoka. Skrubu alizitia kwenye vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono: kikombe hiki za mgongoni, kikombe hiki za tumboni. Ukisema una haraka, alikurudishia kitu chako hapo hapo.

"Nenda nayo haraka yako. Ikiisha, rudi."

Na kifaa kibovu alichokitoa hakukitupa. Alikizungushia gazeti, akakaza na uzi, akaandika kwenye daftari lake refu, ukatia sahihi au ukabonyeza dole gumba. Kisha akauliza swali lake, maneno yale yale kwa kila mtu, kwa tajiri wa korosho na kwa muuza vitumbua: "Cha zamani ni mali ya mwenyewe. Unachukua au nitupe?"

Watu wengi walisema tupa. Mimi nilichukua. Nina kopo zima la vyuma vya redio yangu, wala sijui kimoja kinafanya kazi gani.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa Kibiti walimsema sana kwa jambo moja, na jambo hilo linanihusu. Mwanangu Mwanaidi alikufa Maskati huku akiniita kwa barua, na barua zenyewe siku tisa hazikuweza kuingia kwenye kompyuta ya Mzee wa Simu. Hiyo ni kweli. Ila si kweli yote, na iliyobaki ninayo mimi.

Jina lake silitaji. Hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mzee wa Simu tangu hajawa mzee, kwa sababu alifanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka mingi, ile ya kuchomeka waya kwa mkono na kusema subiri nakuunganisha. Serikali ilipoanza kuuza na kugawanya mashirika, wakampunguza kazini pamoja na wenzake. Wenzake walikunywa kiinua mgongo chao, wengine wakanunua mabasi mabovu. Yeye alikuja Kibiti, akakodi chumba kimoja kando ya barabara ya Lindi, akaweka meza. Shati la kazi hakuliacha. Kila siku jeupe, limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Mkewe aliniambia: "Huyu akifa nitamzika na pasi yake." Alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole kidogo, anaomenyea waya. Mikono misafi kuliko ya maamuma aliyetoka kutawadha.

Alikuwa Mmatumbi, ameshuka kutoka kule milimani, mie Mndengereko wa hapa hapa, basi kwa utani tulikuwa hatuachani.

"Mama Mwanaidi, leo mmekula mchanga wa mto au mmepata samaki?"

"Tumekula samaki. Nyie huko juu mlikuwa mnakula nini kabla ya kushuka kutuibia?"

"Tulikuwa tunakula Wandengereko."

Alisema hivyo bila kucheka, macho kwenye skrubu. Hakuwa mtu wa kucheka. Ulijua amefurahi pale alipokuongezea chai, na hilo lilikuwa nadra, maana kwa chai alikuwa mchoyo kweli kweli. Alikuwa akiyatumia majani mara mbili, na mgeni alipewa ya mara ya pili. Mtu aliyekataa kula hata senti ya mteja isiyo yake, ndiye huyo huyo aliyekupa maji ya moto yenye rangi ya mkojo wa mbuzi akakwambia karibu chai.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu alipoinunua. Ilitoka ofisini Dar, walikokuwa wanabadilisha. Jirani yake palikuwa na ofisi ya mradi wa mikoko, wageni wa kwenda kuhesabu miti huko delta, nao walikuwa na dishi kubwa la mtandao na jenereta. Akapatana nao: yeye awatengenezee redio za mawasiliano za kwenye boti zao, wao wampe waya mmoja unaovuka ua na umeme wa mchana. Kwa waya huo Kibiti ikapata barua pepe. Watu waliokuwa na wenzao Dar, Mtwara, Unguja, Arabuni, wote anwani yao ilikuwa moja, ya Mzee wa Simu. Simu za mkononi zilikuwa za wenye nazo, na mnara wenyewe ulikamatika ukipanda juu ya kichuguu kule sokoni.

Sasa, namna yake ya kusoma barua.

Mimi nilisoma ile ya ngumbaru, enzi ya elimu ya watu wazima. Nasoma herufi kubwa, polepole, kidole kikitangulia. Kwenye kioo kile sikuweza, herufi zilikuwa kama sisimizi. Kwa hiyo alinisomea. Alikugeuzia mgongo, akatazama kioo, akasoma kwa sauti moja tu iliyonyooka kama ya mtu anayesoma orodha ya daladala. Mara ya kwanza kwa kasi ya kawaida. Mara ya pili pole pole, ili ushike. Hakugeuka kukutazama usoni hata siku moja. Hakuruka neno. Hakuongeza pole wala hongera. Akimaliza anasema, "Imeisha," basi.

Palikuwa na dada mmoja muuza kamba wakavu, mumewe alikwenda Mtwara. Barua ya mume ikaja. Mzee wa Simu akasoma salamu, akasoma habari za mvua, akasoma talaka, akasoma "wasalimie wote", yote kwa sauti hiyo hiyo, kisha akaanza tena mara ya pili. Alipofika tena kwenye talaka yule dada alimpiga na kikapu kichwani. Kamba wakatawanyika chumba kizima. Mzee wa Simu akamaliza sentensi, akasema imeisha, ndipo akainama kumsaidia kuokota.

Nilimuuliza, "Huna moyo wewe? Si ungelainisha kidogo?"

"Nikilainisha ya huyu, kesho wewe utajuaje yako sijalainisha?"

Na nje ya chumba kile hakutoa neno. Mkewe mwenyewe alikuwa akisikia mambo ya watu sokoni, si ndani ya nyumba yake. Lakini usidhani alikuwa bubu. Habari za wakubwa wake wa zamani wa simu, nani aliiba nyaya za shaba, nani alisikiliza mazungumzo ya nani, hizo alizimwaga kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Siri alizotunza ni za mteja. Bosi hakuwa mteja.

Neno lake kubwa lilikuwa "anza na waya." Redio haisemi, anza na waya. Pasi haipati moto, anza na waya. Nilimpelekea hata malalamiko ya mguu wangu unaokufa ganzi, akasema anza na waya, akanibonyeza mgongo.

Mwanaidi aliondoka Zuhura akiwa darasa la tano. Zuhura ni binti yake, mjukuu wangu, nimemlea mimi, na leo ni muuguzi aliyesomea, anavaa nguo nyeupe, anachoma watu sindano mpaka madiwani. Nimwekee akiba sifa zake, maana nikianza sitamaliza. Mwanaidi alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, na miaka mitatu aliandika kila wiki. Rafiki yake wa nyumba ya pili alikuwa na ruhusa ya kutumia kompyuta ya bosi wake, ndiye aliyeandika. Mimi kila Ijumaa nilitoka kijijini kwetu Mahege kwa baiskeli ya kupakiwa, nikasomewa barua, nikasema jibu langu, Mzee wa Simu akaliandika, nikarudi. Kuchapa kwenye karatasi kulikuwa ghali, wino wake ulikuwa wa kuagiza. Nilizishika kichwani. Zilizobaki zilikaa humo ndani ya mashine.

Mashine ilikuwa inazeeka. Ilifikia mahali barua moja inafunguka mpaka umemaliza kusuka ukili. Picha ndiyo haikufunguka kabisa. Mwanaidi alituma picha ya sikukuu, tukaona paji la uso na nusu jicho, ikaganda hapo. Nilimwambia Mzee wa Simu, "Mashine yako imechoka kuliko mie." Nikamwambia na Mwanaidi, kwenye barua. Nililalamika. Basi Mwanaidi akanunua vitu huko, akawapa watu waliokuwa wanarudi: ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vyote, wenyewe wanauita madabodi, na kumbukumbu mpya, vimeviringwa ndani ya mtandio mweusi. Akaandika: *Mama, mpe Mzee wa Simu atie, nataka unione uso wote.*

Mzee wa Simu alivishika kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Hakujua kusema asante, akaongeza majani mapya kwenye chai. Akasema kwa kuwa Mwanaidi ndiye aliyetoa kipya, vya zamani ni vyake Mwanaidi. Atavifunga kwenye gazeti, avitunze, akija likizo achague kuchukua au kutupa. Ndiyo sheria yake.

Alivitia siku ya Jumatatu. Nilikaa kwenye kigoda, nikahesabu vikombe: sita. Ule ubao wa zamani ulikuwa na kakadi kadogo pembeni, kadi ya mtandao, ndiko ulikoingia waya wa dishi. Ubao mpya haukuhitaji kakadi, tundu la waya lilikuwa ndani yake wenyewe. Akachomoa kakadi, akakaweka mezani. Mashine ikawaka, nyepesi, kioo kikang'aa. Akafungua ile picha ya sikukuu. Nikamwona mwanangu uso mzima. Alikuwa amekonda.

Kisha akataka kufungua barua, na mtandao haukuja.

Nilielezwa baadaye, nami naeleza nilivyoelewa. Kila kompyuta iliyofungwa kwenye dishi lile ilipewa namba. Mlangoni pa mradi zinajulikana namba zile tu. Huna namba, hupiti. Mzee wa Simu alipoipa lile tundu jipya namba yake ya siku zote, mashine ilikataa. Ikaandika kwamba namba hii ina mwenyewe.

"Mwenyewe nani?" akasema. "Niko peke yangu humu."

Akaanza na waya. Aliufuata kutoka mezani, ukutani, juu ya ua, hadi kwenye dishi, akilamba kidole na kuugusa kama walivyozoea watu wa simu. Akabadilisha waya. Akatafuta panya. Akaenda kumtukana mlinzi wa mradi kwamba wamempa mtu mwingine namba yake, mlinzi akamwambia, "Mzee, mimi nalinda geti, namba zenu sizijui." Watu wa ofisini wakamwonyesha kitabu chao, namba ni yake, hana mwingine. Akarudi. Mashine ikamwambia tena ina mwenyewe.

Jumatano akaitwa fundi mwingine, mtu wa Mbagala aliyekuja kutengeneza kompyuta za halmashauri, ana jino la dhahabu. Akatazama dakika mbili. "Futa kila kitu, tupakie upya. Saa moja kazi imekwisha."

"Na barua za watu?"

"Barua gani?"

"Humu mna barua za watu za miaka mitatu. Sina nakala."

"Si za zamani, mzee? Walishazisoma."

Mzee wa Simu akamwonyesha mlango.

Ijumaa nikaja. Nikamkuta shati halina pasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Vikombe sita mezani, skrubu hazijarudi. Akanieleza yote, la kufuta na la kutofuta. Kisha akasema, "Mama Mwanaidi, kesho nipande basi niende Dar. Kuna vyumba vya mtandao, nitafungua barua huko, nikuletee zako. Kwenda na kurudi siku moja. Sema tu."

Mimi nilikuwa na mpunga shambani na ndege wamejaa. Nilikuwa nimechoka, na mguu. Nikamwambia, "Usijisumbue kwa ajili yangu. Ni salamu tu. Salamu haziozi."

"Niende tu?"

"Nimesema usiende. Kaa utengeneze mashine yako."

Akakaa.

Jumatano iliyofuata nilikuwa shambani naamia ndege. Nikamwona mtu anakuja kwenye tuta, shati jeupe, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Mzee wa Simu alikuwa na sheria kwamba barua haimfuati mtu, mtu ndiye anayeifuata barua. Nilipomwona pale nilidhani kafiwa yeye.

Akanisalimu, nikaitika. Akaanza kunieleza ubovu. Alikuwa hivyo, lazima mteja ajue ubovu ulikuwa nini kabla ya jambo jingine lolote. Akasema ile kakadi ya zamani ameitoa kwa mkono wake, iko mezani, lakini mashine ndani haikuandika kwamba imetoka. Kwenye vitabu vyake kadi ile bado ipo, imekalia namba yake, imejificha usiione mpaka uombe kuonyeshwa vilivyofichika. Kwa hiyo lile tundu jipya kila likiomba namba linaambiwa ina mwenyewe. Akasema ubovu huo alipaswa kuujua siku ya kwanza. Kule kwenye mitambo, mteja wa simu akifa, namba yake haipewi mtu mpaka karani afungue daftari la mitambo apige mstari kwa wino mwekundu. Asipopiga, marehemu ana simu. Asubuhi ile alikuwa anaandika kakadi kwenye daftari lake, kalamu nyekundu mkononi, ndipo akakumbuka. Akaitafuta kadi ndani ya mashine, akaifuta kadi peke yake, namba ikakubali.

Nikasema, "Haya, hongera. Umekuja mpaka huku kwa hilo?"

Akanigeuzia mgongo. Palepale kwenye tope, akatazama upande wa mto, akatoa karatasi nne mfukoni. Alikuwa amezichapa.

Ya kwanza ilikuwa ya Jumanne ya wiki iliyopita. *Mama, nimelazwa, ni tumbo. Nataka kusikia sauti yako. Wodini wanapokea simu jioni, namba ni hii.*

Ya pili ya Ijumaa. *Mama hujapiga. Labda mvua zimekata njia. Nipo, nakusubiri.*

Ya tatu ya Jumapili. *Mwambie Zuhura asiache shule. Mama, nasikia kama nimechoka. Ukipiga waambie waniamshe.*

Ya nne, ya jana Jumanne, aliiandika rafiki yake kwa nafsi yake. Amefariki Jumatatu baada ya alasiri. Amezikwa siku hiyo hiyo, Waswahili wa huko wamemsalia.

Alisoma kwa sauti ile ile, iliyonyooka. Akasema, "Imeisha." Kisha akasema, "Nirudie?"

Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia zote nne, pole pole.

Watu huniuliza nililia vipi. Sikulia. Ndege walikuwa wametua, nikaokota kombeo langu nikawafukuza. Niliwaamia ndege mpaka jua likapinda, na Mzee wa Simu alisimama pale pale, viatu mkononi. Nadhani nilimwambia akanyage kwenye tuta asikanyage mpunga. Ganzi iliyokuwa mguuni ilipanda ikajaa mwili wote, na kusema haki haijashuka vizuri hadi leo. Nakula, nacheka, nacheza ngoma za harusi. Lakini ni kama nasikia mambo kupitia ukuta.

Matangani alikuja, akakaa kwenye mkeka wa wanaume, pembeni. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwamba mzee mjuaji, alikataa ushauri wa fundi wa Mbagala. Kwamba angeweza kupanda basi kwenda Dar, nani asiyejua Dar kuna mtandao, kiburi tu kimemkalisha. Angekwenda ile Jumamosi angekuta barua mbili, mama mtu angepiga simu, binti angesikia sauti. Yalisemwa mbele yake. Shemeji yangu mmoja alimuuliza waziwazi, "Nauli ilikushinda, mzee?"

Mimi nilikuwa ndani, mlango wazi, nasikia. Nikangoja aseme. Aseme tu: nilimuuliza mwenyewe, akanikataza.

Akasema, "Sikwenda."

Basi. Hakuongeza. Nami sikutoka. Nilikaa na khanga yangu kichwani, nikaacha lawama imwangukie.

Wateja wakapungua. Wakaanza kupeleka redio Ikwiriri. Kisha simu za mkononi zikaenea, barua pepe za kusomewa zikaisha zenyewe, na mradi wa mikoko ukafungasha dishi lao. Miaka ile yote sikuvuka kizingiti chake. Nikipita barabarani natazama upande wa pili. Siku ya arobaini alimtuma mkewe na bahasha nzito: barua zote za Mwanaidi za miaka mitatu, amezichapa, kurasa juu ya kurasa, na ile picha. Sijui alipata wapi wino wote ule. Hizo ndizo zilizomkuza Zuhura. Alizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo, akazigundisha na gundi. Lile la asiache shule ameliweka ukutani, na hakuacha. Fundi wa Mbagala angefuta, zisingekuwepo. Angefuta ile Jumatano ya kwanza, barua ya kwanza ingefika siku hiyo hiyo, na ningepiga simu. Nimeyapima haya mara nyingi. Mizani haikai.

Mwaka huu nilikwenda Kibiti kumwona Zuhura kazini, akanipima presha mwenyewe, akanikemea kwa chumvi mbele ya wagonjwa, nikajisikia raha. Nikitoka nikamwambia kijana wa bodaboda anishushe kando ya barabara ya Lindi.

Alikuwa barazani. Shati jeupe, pasi. Kalamu mbili. Macho yamekwenda, yana ukungu wa bluu.

"Hodi."

"Karibu." Akatega sikio. "Mndengereko."

"Umenijuaje?"

"Mguu mmoja unaburura. Hukuanza na waya."

Nikakaa. Kigoda kilikuwa kile kile. Mkewe akaleta chai, nikaionja, ilikuwa ya mara ya pili. Tukazungumza ya mvua, ya korosho, ya Zuhura. Kisha nikamwambia, maana sikuja kwa chai.

"Mzee wa Simu, mimi ndiye niliyekukataza kwenda Dar. Nilisema salamu haziozi. Umesemwa miaka yote hii na hukunitaja."

Akapapasa kalamu zake mfukoni. Akasema, "Ulisema hayo kwenye kigoda?"

"Ndiyo."

"Maneno ya mteja hayatoki."

"Mimi nimeyatoa. Leo asubuhi nimemwambia Zuhura. Shemeji yangu nitamwambia kesho."

"Alisemaje mtoto?"

"Akanipima presha mara ya pili."

Akaitika kwa kichwa. Akamwita mkewe alete kilicho chini ya kitanda. Kikaja kifurushi cha gazeti, gazeti limekuwa la kahawia, uzi umekazwa. Na daftari refu. Akalipapasa, akahesabu kurasa kwa ukucha wake, akalifungua mahali penyewe bila kukosea. Mistari yote ya ukurasa ule ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, isipokuwa mmoja. Nikausoma mwenyewe, kidole kikitangulia: *Mwanaidi. Ubao mmoja, kadi moja. Akija.*

"Cha zamani ni mali ya mwenyewe," akasema, akitazama barabarani ambako hakuoni. Sauti yake ile ile. "Unachukua au nitupe?"

"Nachukua."

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaninyooshea. "Piga mstari. Mie sioni."

Nikaishika. Ilikuwa nyepesi. Nikaiweka mwanzo wa jina lake, nikavuta mpaka mwisho wa neno la mwisho.

"Umenyooka?" akauliza.

Nikautazama. Ulikuwa umepanda, ukashuka, ukaligusa jina la mtu mwingine wa chini.

"Umenyooka," nikamwambia.